Mteremko, ukuta au kichanja: utenganishe vipi nchi kavu na maji ndani ya tangi la kioo?

Tangi umeshalipata, mimea iko kwenye vikopo inasubiri, na picha iliyo kichwani mwako unaijua: upande mmoja kidimbwi chenye uduvi, upande wa pili ukingo wa kijani wenye makangaga, na maji yakichuruzika katikati. Wenye fani yao huliita paludariamu, kutoka neno la Kilatini *palus*, yaani kinamasi. Kinachowakwamisha wengi si mimea wala taa. Ni namna ya kuusimamisha udongo kando ya maji bila udongo huo kugeuka tope.

Ukizichambua njia zote zinazotumika, zinarudi kwenye tatu. Ya kwanza ni kurundika changarawe iwe mteremko. Ya pili ni kugandisha ukuta wa kioo katikati ya tangi. Ya tatu ni kuuweka udongo juu ya kichanja huku maji yakipita chini yake. Nimejenga zote tatu, na mbili kati yake nimewahi kuzibomoa kwa mikono yangu, kwa hiyo nitakayosema mengine yametoka kwenye ndoo ya tope.

Ili nisipendelee, nitatumia tangi lilelile kwa zote: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 36. Maji yatakuwa na kina cha sentimita 12. Kina hicho, tangi likiwa tupu, ni lita 21.6. Ikumbuke namba hiyo, maana kila njia inaipunguza kwa kiasi chake.

Vigezo

Nimepima mambo sita: nafasi inayobaki kwa maji na kwa mimea, namna udongo unavyokunywa maji, kazi na vifaa, usafi wa baadaye, urahisi wa kusahihisha kosa, na wakazi wanaofaa.

Hayana uzito sawa. Ukinilazimisha kuchagua kimoja, nitachukua unywaji wa udongo. Udongo laini ukigusa maji huyapandisha kama utambi wa kibatari unavyopandisha mafuta. Mchanga laini unaweza kuyainua maji zaidi ya upana wa kiganja, wakati changarawe nene huyainua sentimita moja hivi tu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama mizizi itapata hewa au itaoza. Watu huhangaika na rangi ya mawe wiki nzima, halafu udongo wanautumbukiza majini ndani ya dakika tano.

1. Mteremko wa changarawe

*Nafasi.* Hapa ndipo hesabu inapouma. Changarawe haikubali kusimama wima. Ukiirundika hutulia kwenye mwinamo wa nyuzi 30 hivi, na ukiilazimisha zaidi inaporomoka. Tuseme unataka nchi kavu yenye kimo cha sentimita 15, yaani tatu juu ya maji. Mteremko wenyewe tu utakula sentimita 26 za urefu wa tangi. Ongeza sentimita 20 za sehemu bapa ya kupandia, na sakafu tupu iliyobaki ni sentimita 14. Maji ya wazi yanakuwa kama lita 9, chini ya nusu ya tulizoanza nazo, na rundo lina lita 15 za changarawe, zaidi ya kilo 20. Angalia meza yako kabla hujaangalia tangi.

Kuna namna ya kupunguza hasara. Panga mawe makubwa miguuni mwa mteremko yawe kama matuta ya shamba la mlimani, changarawe itasimama wima zaidi nyuma yake. Kiini cha rundo unaweza kukijaza kokoto nyepesi za udongo wa kuchoma badala ya mawe. Zitie kwenye mfuko wa wavu na uzikandamize kwa uzito, la sivyo siku ya kumwaga maji zitaibuka na kuelea juu kama maputo.

*Unywaji.* Mteremko haujifichi: upande wote una maji chini yake. Changarawe nene ikiwa chini na udongo ukianzia sentimita mbili au tatu juu ya usawa wa maji, mambo huenda. Ukitumia mchanga laini kwa sababu unapendeza, mteremko mzima unalowa hadi juu. Hilo nalo si kosa kama unapanda mimea ya kinamasi. Ni kosa kama unapanda isiyopenda miguu yake ilowe.

*Kazi na vifaa.* Jioni moja inatosha. Hakuna gundi wala msumeno. Kazi kubwa ni kuosha: ndoo ya kwanza hutoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na utaendelea kuosha muda mrefu baada ya kudhani umemaliza.

*Usafi.* Uchafu huzama kati ya mawe na kukaa humo. Rundo nene lisilopitiwa na maji huishiwa oksijeni ndani, na siku ukilichokoa linatoa harufu ya yai viza. Ukizika bomba lenye matundu ndani ya rundo na kuliunganisha na pampu ndogo, maji yanalazimika kupita kwenye changarawe, na rundo lenyewe linakuwa chujio. Bila bomba hilo mteremko hunyamaza miezi kadhaa kabla ya kuanza kununa.

*Kusahihisha.* Hakuna njia inayosamehe kama hii. Kitu hujakipenda, unakisogeza kwa mkono.

*Wakazi.* Kila mnyama anayehitaji kupanda kutoka majini atakushukuru, kwa kuwa ufuo wote ni ngazi. Kaa wadogo wa jenasi ya *Geosesarma* wanafaa sana. Mmoja wao, *Geosesarma dennerle* wa kisiwa cha Java, alikuwa akiuzwa kwa wafugaji kabla hajapewa jina la kisayansi mwaka 2015. Kaa hawa hawahitaji bahari hata wakati wa kuzaa, kwani mayai yao hutoa vikaa vilivyokamilika. Ila wanachimba. Wangu watatu walifanya kazi kila usiku, na kufikia mwezi wa tatu ufuo wangu ulikuwa umehamia katikati ya kidimbwi. Kwa mimea, *Cryptocoryne*, *Anubias* na *Spathiphyllum* huketi vizuri pale maji yanapokutana na changarawe. Shina la *Anubias* linalotambaa usilifukie, litaoza. Lifunge kwenye jiwe au ulibane kati ya mawe mawili.

2. Ukuta wa kioo

*Nafasi.* Safi na rahisi kukokotoa. Ukuta wa sentimita 15 ukiwekwa sentimita 24 kutoka mwisho wa tangi, nchi kavu inapata sentimita 24 kwa 30 kamili, na maji yanabaki lita 13 hivi. Hakuna sentimita inayopotelea kwenye mwinamo.

*Unywaji.* Kwa nadharia, udongo haugusi maji kabisa. Hii ndiyo njia pekee inayokuruhusu kuwa na nchi kavu iliyo kavu kweli. Lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza: maji unayopulizia mimea hayana pa kutokea, yanajikusanya chini mpaka upande wa udongo unakuwa kisima. Weka tabaka la kokoto chini, wavu juu yake, udongo juu ya wavu, na kwenye kona moja simamisha bomba jembamba linalofika sakafuni. Kupitia bomba hilo utaona kina cha maji na kuyavuta kwa mpira yanapozidi.

Mtego wa pili niliugundua kwa kuumia. Niliona ukuta unachusha, nikautandikia kuvumwani cha Java, kikaning'inia upande mmoja majini na upande wa pili udongoni. Kilipendeza mno. Baada ya wiki mbili kidimbwi kilikuwa kimeshuka, na nikaanza kutafuta ufa ambao haukuwapo. Kuvumwani kile kilikuwa kinayavuta maji juu ya ukuta, tone kwa tone, na kuyamwaga kwenye udongo. Nikakikata pale kilipofika ukingoni, na "uvujaji" ukaisha siku hiyohiyo.

*Kazi na vifaa.* Unahitaji kioo kilichokatwa kwa kipimo, silikoni na subira. Wengi huogopa kwamba ukuta utavunjika. Maji ya kina cha sentimita 12 yanausukuma ukuta wa upana huu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 2 tu, kwa hiyo kioo cha milimita 5 kinatosha sana. Tatizo liko kwenye kiungo. Futa kioo kwa spiriti, tumia silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, na usiguse kitu mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Epuka akriliki, yaani plastiki angavu inayofanana na kioo, silikoni haiishiki vizuri, ikipinda kidogo tu kiungo kinabanduka.

Kabla ya kutia udongo, jaza maji upande mmoja tu, tandaza karatasi kavu miguuni mwa ukuta upande wa pili, na uache siku mbili. Karatasi ikilowa, umeokoa miezi ya kazi.

*Usafi.* Upande wa maji unasafishwa kama tangi la kawaida la samaki, na hilo ni raha. Hasara yake ni kwamba mizizi ya nchi kavu haifiki majini, hivyo mimea haikusaidii kuyasafisha.

*Kusahihisha.* Hapa ukuta ni mkali. Ukivuja baada ya kupanda, hakuna kiraka cha kuaminika, ni kutoa kila kitu. Ukiamua baadaye kwamba kidimbwi ni kidogo, pole.

*Wakazi.* Samaki wadogo na uduvi upande mmoja, mimea inayotaka udongo unaochuja kama *Fittonia* na *Peperomia* upande wa pili. Mnyama akianguka majini, ukuta laini haumpi pa kushika, kwa hiyo mbao au jiwe la kupandia ni lazima. Vyura wengi wadogo wa nchi kavu si waogeleaji hodari.

3. Kichanja

*Nafasi.* Chukua paneli ya plastiki yenye matundu ya mraba, ile inayowekwa chini ya taa za dari, ikate kwa kipimo, uisimamishe juu ya vipande vya bomba la plastiki. Maji yanapita chini yake kote, na unabaki na karibu lita 21. Ni lita 8 zaidi ya ukuta, na zaidi ya mara mbili ya maji ya wazi ya mteremko. Kwenye tangi dogo maji mengi ni usalama: joto halirukiruki, na mabaki ya chakula hayayachafui haraka.

Gharama yake ni kimo. Kichanja kikiwa sentimita 13 juu ya sakafu na udongo sentimita 6 juu yake, mimea inaanzia sentimita 19, imebakiwa na 17 mpaka kwenye kifuniko. Tangi fupi halikitaki kichanja.

*Unywaji.* Ukiacha sentimita moja au mbili za hewa kati ya maji na kichanja, udongo unachuja wenyewe na haunywi. Ni mpango bora kuliko yote, kwa sharti kwamba pengo lile halivunjwi. Kona moja ya wavu ikilegea na udongo ukadondoka kama kinguzo hadi majini, hapo utambi umeshawashwa. Tumia wavu wa plastiki, uukunje juu pande zote kama sinia, ukingo wake uzidi kimo cha udongo. Wavu wa shaba usiutumie hata kidogo, shaba huwaua uduvi.

*Kazi na vifaa.* Wikendi nzima. Kukata paneli ni kazi ya koleo, matundu kwa matundu, na vipande vinaruka hadi uvunguni mwa kitanda. Kinga macho. Miguu iwe mingi kuliko unavyodhani, kwa sababu udongo wa eneo hili ukilowa una kilo nne au tano kabla hujaweka jiwe wala gogo. Toboa miguu yenyewe ili maji yasituame ndani ya mabomba.

*Usafi.* Hiki ndicho kidonda chake. Chini ya kichanja ni giza, na uchafu wote wa tangi unapenda giza. Mara yangu ya kwanza sikuziba mbele. Samaki mmoja akaingia humo akafa, nikaja kumjua kwa harufu, na kumtoa nilibomoa nusu ya bustani. Sasa naziba uso wa kichanja kwa sponji yenye matundu makubwa na kuweka pampu nyuma yake. Maji yanavutwa kupitia sponji, kwa hiyo kizuizi chenyewe ni chujio. Acha pia mlango kwenye kona ya nyuma unaotosha mkono kupita. Mkono wako, si wa mtoto.

*Kusahihisha.* Iko katikati. Mimea unaibadilisha upendavyo, ila mpaka wa nchi na maji ukishaukata umeukata. Hakuna kinachogandishwa, kwa hiyo siku ya kubomoa tangi linarudi kama lilivyokuwa.

*Wakazi.* Kwa anayetaka samaki, hapa kuna maji ya kumtosha hata betta mmoja. *Epipremnum aureum* ikipandwa ukingoni hushusha mizizi hadi majini na kufyonza naitreti, masalia ya taka za samaki yaliyoyeyuka majini, nayo huwa mizizi mizuri ya kutazama, myeupe kama uzi. Maporomoko ya maji yanakaa vyema hapa pia, kwa kuwa yanayomwagika nje ya njia hurudi chini yenyewe.

Yasiyobadilika, ushike njia ipi

Tangi jipya halipokei wanyama siku ya kwanza. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na taka za wanyama, kuwa naitraiti, kisha naitreti, kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Subiri mpaka vipimo vya amonia na naitraiti visome sifuri. Maji ya bomba yenye klorini huachwa wazi siku nzima, lakini kama yametiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hayaponi kwa kusubiri, yanahitaji dawa yake. Taa saa nane hadi kumi kwa siku zinatosha. Ukizidisha, mwani ndio unaofaidi.

Kifuniko nacho ni cha lazima. Daktari wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, aliona mnamo 1829 kangaga likichipua ndani ya chupa aliyoifunga kwa ajili ya buu la nondo. Mwaka 1833 mimea ndani ya makasha yake ya kioo ilisafirishwa kwa meli hadi Sydney ikafika hai. Kioo kilichofungwa hurudisha mvuke udongoni. Acha tu upenyo mwembamba, kioo cha mbele kisibaki na ukungu mchana kutwa. Kwa kaa upenyo huo uwe mwembamba zaidi ya unavyofikiri, maana waya wa pampu kwao ni ngazi.

Jambo moja kuhusu chura wa tumbo jekundu, *Bombina orientalis*, ambaye huonekana sana kwenye picha za matangi haya: ngozi yake hutoa sumu. Usimchanganye na samaki, hata tangi liwe zuri vipi.

Kwa hali yako

Kama hili ni tangi lako la kwanza na bado unabadilisha mawazo kila Jumamosi, anza na mteremko. Utapoteza maji, utapata uhuru wa kukosea. Hakikisha tu meza inabeba.

Kama unachotaka hasa ni bustani, na maji ni pambo, jenga ukuta, mradi una mkono mtulivu na unaweza kusubiri siku mbili za majaribio. Usiuchague ukiwa na haraka, au kama tangi ni la kuazima.

Kama samaki ndio moyo wa mradi, na tangi lina kimo cha kutosha, kichanja. Kwa tangi la chini ya sentimita 30 kwenda juu ningekiacha.

Kama ni kaa, rudi kwenye mteremko wenye matuta ya mawe mazito yanayokaa juu ya sakafu ya tangi yenyewe, si juu ya changarawe, ili wakichimba chini yake yasiporomoke.

Na kama tangi lina urefu wa sentimita 90 au zaidi, hulazimiki kuchagua moja. Langu la sasa lina kichanja nyuma kinachobeba udongo na kuficha pampu, na mbele yake mteremko mdogo wa changarawe unaopanda hadi ukingoni. Sponji imejificha nyuma ya changarawe hiyo, na kila Jumapili naitoa kwa koleo refu, naikamua kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe ili bakteria wasife, nairudisha. Dakika kumi.